Kiganja na Shokapu za Mkwe Wake

Kuna mafundi wanaojulikana kwa jina la gereji yao, na wapo wanaojulikana kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Huyu alijulikana kwa kiungo cha mwili. Waliomwita Kiganja hawakumdhihaki. Walimsifu, na yeye alilipenda jina lile kuliko alivyowahi kukiri. Hata mkewe, fundi wa makochi mwenye ulimi usio na breki, akitaka kuomba jambo kubwa alianza kwa kusema, "Kiganja wangu," na jambo likapita.

Kazi yake ilikuwa springi na shokapu, basi. Injini hakugusa, umeme wa gari aliuogopa waziwazi, na aliyemletea gari linalochemsha alielekezwa kwa jirani. "Mimi nashughulika na miguu," alisema. "Ukiumwa tumbo nenda kwa wengine." Mwenye gari asiyejua tofauti ya springi na shokapu alipewa somo papo hapo, apende asipende: springi inabeba gari, shokapu inaituliza springi. Springi isiyo na shokapu ni mtoto aliyeachiwa kurukaruka kitandani. Hatatulia mpaka aanguke.

Mteja akiingia, Kiganja hakuuliza maswali. Alizima redio, akainua kidole juu, akasema, "Kimya!" Na watu walinyamaza kweli, hata waliokuja kupiga soga. Aliweka kiganja cha kulia juu ya madigadi, karibu na taa, akafumba macho, akalikandamiza gari mara moja na kuliachia. Gari lilishuka, likapanda, na katika kule kupanda yeye alisoma kila kitu. "Ya kushoto imekufa. Ya kulia inaandika wosia. Za nyuma ndizo zitakazokuzika wewe." Watu walicheka, kazi ikaanza, na habari ikasambaa. Wapo waliokuja bila gari, kutazama tu.

Zaidi ya yote alisifika kwa kuzitambua shokapu zilizofufuliwa. Wajanja wa vyuma chakavu huchukua shokapu iliyokwisha kazi, huitoboa tundu dogo, huijaza mafuta mazito ya gia, huliziba tundu kwa kuchomelea, kisha hupaka rangi nyeusi juu ya kovu. Ikiwa baridi, shokapu ya namna hiyo ni ngumu kama mpya. Ikipata moto barabarani mafuta yanalainika, tundu linatema, na gari linabaki likielea juu ya springi tupu, dereva akishika usukani kama anayeshika mkia wa ng'ombe mkaidi. Spana haiwezi kukwambia hayo mapema. Kiganja chake kiliweza. Shokapu ya uongo, alisema, inakataa kwanza halafu inakubali ghafla, sawa na mtu anayesusa chakula huku akiitazama sahani.

Basi kiganja hicho kilikuwa kimekufa.

Hakikufa kwa siku moja. Ganzi ilianza kwenye ncha za vidole, naye akasema ni baridi ya asubuhi. Ilipopanda akasema ni uchovu, na ilipokaa moja kwa moja akasema ni umri. Alikuwa tayari kuipa kila jina isipokuwa lake. Mkewe alianza kumfunga vifungo vya shati kwa sababu vidole vyake vilikuwa vikivitafuta bila kuvipata. "Siku hizi unapenda kubembelezwa," mama huyo alimtania, na yeye akatabasamu. Daktari wa zahanati alimwambia afumbe macho, akamchoma kwa sindano na kumuuliza kama anahisi. Alijibu kwamba anahisi sana. Wakati huo sindano ilikuwa imeshachomolewa. Akaandikiwa kwenda hospitali kubwa kupimwa mishipa, na karatasi ile akaitumia kufungia nati. Mficha maradhi, kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwa na gereji iliyojengwa juu ya mkono mmoja.

Mtu atauliza, je, mbona hakuumbuka mapema? Kwa sababu hakuwa mjinga. Mkono ulipokoma kumwambia, aliazima macho. Kabla ya kufumba macho alitupia jicho tairi, maana shokapu mbovu huila tairi kwa mabonde mabonde. Alimsikiliza dereva akilalamika na rafiki yake kwamba gari linayumba kwenye kona. Alitega sikio gari linapopita tuta la mlangoni. Akishakusanya yote hayo ndipo alipozima redio na kusema, "Kimya!" Mara nyingi alipatia, na huko kupatia ndiko kulikomponza. Kama angekosea mara moja mbele za watu, angeaibika na mambo yakaisha. Alivyopatia, alijidanganya kwamba mkono bado unafanya kazi ila kimyakimya.

Ndipo mkwe wake alipoleta gari.

Mkwe huyu, mume wa binti yake wa mwisho, alikuwa kinyozi. Kijana safi, mwenye adabu, ila alikuwa na maradhi ya ukinyozi: kila alichokiona alitaka kukipunguza. Walikuwa wamenunua gari lao la kwanza, dogo, la rangi ya maziwa, na kilichomkera kinyozi ni ule uwazi kati ya tairi na madigadi.

"Baba, litazame vizuri," alisema, akipitisha mkono mzima kwenye uwazi ule. "Si ni mtu aliyeingia kwenye sherehe na nywele zake za wiki sita? Nataka likae chini. Kidogo tu. Nitoe hapa pembeni."

Binti, ambaye ni nesi, alikuwa amehamishiwa kituo cha afya ng'ambo ya mlima. Kesho yake asubuhi walikuwa wanahama wote watatu, yeye, mume na mtoto wao mdogo, na kinyozi hakutaka kuingia mji mgeni na gari lenye nywele ndefu. Alifungua buti. Ndani mlikuwa na springi nne fupi, nyekundu, mpya kabisa.

"Springi fupi haiolewi na shokapu ndefu," Kiganja akasema mara moja. Hilo alilijua bila mkono wala macho. Ukiiacha shokapu ya kiwandani kwenye springi iliyofupishwa, tairi likishuka shimoni shokapu inanyooka mpaka mwisho wake, springi haifiki huko, inabaki imelegea na kucheza kwenye kiti chake. Siku moja inarudi upande, na gari linafuata upande huo mpaka mtaroni.

"Ulishanifundisha, Baba," mkwe akajibu kwa furaha, kama mwanafunzi aliyengoja aulizwe swali hilohilo. Akafunua gunia. Ndani yake mlikuwa na shokapu nne fupi, nyeusi, zinazong'aa. "Nimezipata kwa watu wa vyuma chakavu. Wanasema zilitoka kwenye gari la mashindano. Sijaamini mdomo wao. Nikawaambia, mimi baba mkwe wangu ni Kiganja, zitapita kwake kwanza. Zikiwa nzima tunafunga, zikiwa mbovu tunaliacha gari kama lilivyo. Neno ni lako."

Nyuma yake walikuwa wamesimama wateja watatu wa kinyozini, mmoja kichwa kikiwa kimenyolewa nusu tu. Walikuwa wamekuja kushuhudia.

Kiganja alizipanga shokapu juu ya meza yake, ambayo kila asubuhi aliitandika boksi safi kwa kuwa alichukia meza chafu. Akazitazama. Hazikuwa na tairi la kumsimulia lolote. Hazikuwa na dereva wa kulalamika. Hakukuwa na tuta la kupita. Rangi yake ilikuwa mpya, na rangi mpya inaweza kuwa usafi au inaweza kuwa wizi. Kwa mara ya kwanza tangu ganzi imwingie, hapakuwa na njia ya pembeni. Ulikuwepo mkono tu.

Angeweza kusema, "Siziamini, rudisha." Neno moja tu. Lakini mkwe angeuliza kwa nini, na hao watatu wangesubiri jibu, na jibu la Kiganja siku zote lilikuwa moja: nimeihisi. Tena kumnyima mkwe mbele ya watu wake si jambo dogo. Mwanamume amekuja na heshima zote, amefuata somo, amebeba na gunia. Mzee alijikaza kisabuni. Akazima redio, akainua kidole.

"Kimya!"

Aliisimamisha shokapu ya kwanza wima, akaweka kiganja juu ya ncha yake, akafumba macho na kukandamiza. Begani alisikia ugumu. Kiganjani hakusikia chochote. Ilikuwa kama anakandamiza kwa mkono wa mtu mwingine aliyesimama chumba cha pili. Akafanya hivyo kwa ya pili, ya tatu, ya nne, na kila mara bega likasema ngumu, ngumu, ngumu. Alifungua macho. Mwenye kichwa nusu alikuwa amekunja mikono kifuani, anangoja kama aliye mahakamani.

"Nzima," Kiganja akasema. "Zote nne. Funga."

Wakapiga makofi. Jioni gari lilikaa chini kama paka anayenyatia panya, na kinyozi alilizunguka akiinama kila kona kutazama tairi lilivyojificha. "Baba," alisema, "Mungu akuwekee mkono huo." Kiganja aliitikia amina.

Asubuhi walipakia. Magodoro juu, masufuria nyuma, begi la mtoto katikati. Gari lilizidi kushuka kwa mzigo. Mama mtu alilia, akacheka, akamtania mkwe kwamba sasa gari lake limekuwa zulia. Binti alimkumbatia baba yake kwa muda mrefu. "Usiniwaze," alimwambia. "Ni ng'ambo ya mlima tu, si ng'ambo ya dunia." Wakaondoka, wakipita matuta taratibu kwa ubavu, na Kiganja akabaki anapunga mpaka gari likakata kona.

Alifungua gereji akiwa hana hamu ya kazi. Akalivuta boksi la jana mezani alitupe, na hapo akaliona doa. Mahali shokapu moja ilipokuwa imelala palikuwa na alama ya mafuta. Hilo peke yake si msiba. Gereji bila doa ni duka la nguo. Lakini mafuta halisi ya shokapu ni mepesi, yakigusa boksi yanakimbia pande zote mpaka yanapotea. Haya hayakukimbia. Yalikuwa yamekaa pale pale, meusi, mazito, yana ukingo. Akainama akanusa. Pua yake ilikuwa nzima. Harufu ilikuwa ile kali ya kiberiti na yai viza ambayo fundi akishaijua haisahau.

Mafuta ya gia. Shokapu zilikuwa zimefufuliwa, na yeye, yeye aliyekuwa akiwacheka mafundi wote wa mtaa kwa kudanganywa na shokapu zilizofufuliwa, alikuwa ameziita nzima mbele ya watu na kumfungia mwanawe.

Alijua barabara ile. Mpaka kituo cha mafuta cha mwisho ni tambarare, na shokapu zingekuwa zinapata moto polepole. Baada ya kituo kuna mteremko, kona juu ya kona, malori yanapanda yakijaza njia nzima. Gari limeshushwa, limejaa, springi zinasukuma na hakuna kinachozituliza. Aliona kila kitu kwa uwazi uliomtisha, akachukua simu kwa mkono wa kushoto.

Binti alipokea. Wapo kituoni, alisema, wanaweka mafuta na mtoto ananyonya.

Sasa hapo ndipo mtu angepaswa kusema ukweli. Hata mtoto wa chekechea angejua. Lakini mazoea yana nguvu kuliko hofu, na kinywa cha mzee kikatafuta njia ya pembeni chenyewe.

"Mwambie mumeo asiondoke. Ile nati ya juu, mbele kushoto... nadhani sikuikaza vizuri."

"Haya, Baba. Anaangalia."

Alingoja. Alisikia boneti ikifunguliwa, spana ikigonga. Kisha sauti ya mkwe ikaja, changamfu, karibu na simu. "Imekaza, Baba! Nimezipitia zote nne, zimekaza vizuri sana. Usiwe na wasiwasi. Tukifika tunakupigia."

"Hapana, ngoja. Nisubirini hapo nije nitazame mwenyewe."

"Baba." Binti alikuwa amerudi kwenye simu, na Kiganja alimsikia akitabasamu. "Ninaripoti leo. Mama aliniambia utafanya hivi. Alisema utatafuta kila sababu turudi. Nakupenda, lakini tunaondoka."

Alikuwa amewapa uongo mdogo, nao wameutengeneza kwa spana. Hakubaki na mwingine.

"Mkono wangu hauhisi," akasema.

"Hauhisi nini?"

"Hauhisi kitu. Umekufa. Jana pale mezani sikuhisi chochote, nilisema tu. Hizo shokapu ni mbovu. Zimejazwa mafuta ya gia. Zikipata moto zitawaachia kwenye mteremko."

Simu ilikuwa kwenye spika, kwa maana mkwe alicheka. "Ah, Baba! Watu walikuona kwa macho yao. Ulifumba macho, ukazipima moja moja."

"Walimwona mtu amefumba macho," Kiganja akasema. "Hilo tu ndilo waliloliona."

"Baba, tafadhali." Sasa binti alikuwa na huzuni kidogo, ile huzuni ya mtu anayemwonea mzazi huruma. "Hatutakusahau. Tutakuja kila mwisho wa mwezi."

Hawakumwamini. Jina alilolijenga maisha yake yote lilikuwa limesimama mlangoni, linamzuia kupita. Aligeuka, akamwona mkewe amesimama nyuma yake na kitambaa cha kochi mikononi, naye amesikia yote. Hakujali tena.

"Mwanangu, nisikilize," akasema. "Unakumbuka asubuhi ile mtoto aliamka analia, hanyamazi? Ulikuwa unawahi zamu. Ulinipa nimguse paji la uso."

Kwenye simu alisikika mtoto akiguna.

"Nikakwambia hana homa. Nikasema ni meno tu, nenda kazini."

Alisikia gari kubwa likipita karibu nao, kisha sauti ya binti yake, ndogo, tofauti na ile ya mwanzo.

"Nilirudi nikamkuta anaungua," alisema. "Tulimkimbiza hospitali anatetemeka mwili mzima. Mimi nesi, sikuchukua hata kipimajoto, nikasema Baba amemgusa, inatosha. Nimejilaumu mpaka leo. Nilidhani homa ilipanda baada ya mimi kuondoka."

"Haikupanda baadaye. Ilikuwepo. Sikuihisi."

Alimsikia akivuta pumzi. Halafu, si kwake yeye, akasema, "Zima gari."

Mkwe alisema neno ambalo halikusikika.

"Nimesema zima gari."

Kiganja aliweka simu mezani. Mkewe alitupa kitambaa chini, akamshika mkono wa kulia, akamfinya nyama ya katikati ya kiganja. Mzee hakushtuka. Akamfinya tena, kwa kucha, kwa nguvu zake zote, akimtazama usoni. Alipoona uso haubadiliki, mama huyo akaanza kulia kwa hasira. "Vifungo!" alisema. "Miezi yote hii nakufunga vifungo, nami nikidhani ni mapenzi!"

Jirani, yule fundi wa injini, alitoa pikapu bila kuuliza sana. Walipakia springi za kiwandani na shokapu zake ndefu, ambazo kinyozi alikuwa ameziacha pembeni kama nywele zilizokwisha kunyolewa, wakaenda. Njiani jirani aliwasha redio, akamtazama Kiganja, akaizima.

Walilikuta gari ukingoni mwa kituo, chini ya kibanda cha kuoshea magari. Binti alikuwa ameketi juu ya godoro lililoshushwa, mtoto mapajani. Alisimama, akaamkia, akaketi tena. Kiganja aliingia chini ya gari na kumwomba mkwe aje naye. Ya mbele kushoto ilikuwa imelowa tangu juu mpaka chini. Rangi nyeusi ilikuwa imebanduka kwenye kovu, na tundu lilikuwa linatema tone zito, linatulia, linatema jingine. Hiyo ilikuwa barabara tambarare tu. Mkwe alilitazama tone hilo kwa muda, kisha akamtazama mkewe na mwanawe pale kwenye godoro. Akaondoka chini ya gari, akaenda kusimama ukutani, akawapa mgongo wote.

Aliporudi walianza kazi. Walitoa springi nyekundu na kurudisha za zamani, pamoja na shokapu zake, mume na mke walioishi pamoja tangu kiwandani. Kiganja alijua kila hatua, lakini kila alipotaka kuanzisha nati kwenye uzi wake ilimponyoka ikaanguka kwenye vumbi. Zamani aliweza kufanya hivyo akiwa anapiga soga. Sasa nati ilianguka, akaiokota, ikaanguka. Hatimaye mkono mwingine uliichukua, mkono laini wa kinyozi, ukaiweka mahali pake na kuizungusha.

"Nielekeze, Baba," mkwe alisema. "Mimi nitafunga."

Akamwelekeza. Walifanya kazi hivyo, mmoja anasema, mwingine anafanya, na gari likapanda tena juu mpaka ule uwazi ukarudi. Kinyozi hakuutazama. Alikuwa anafuta mikono kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo.

"Baba," alisema mwishowe, bila kuinua macho. "Wale wateja niliokuletea. Yule wa teksi. Yule mama wa gari la wanafunzi. Niliwaambia mimi. Niliwaambia waende kwako, wasipoteze muda kwingine."

"Najua."

"Sasa?"

"Nitawaendea. Nyumba kwa nyumba." Alijaribu kuisema kama mtu anayepanga kazi ya kawaida. "Nianze na huyo wa wanafunzi. Leo hii, kabla hawajatoka shule."

Mkwe aliitikia kwa kichwa. Hakusema neno baya, na Kiganja alitamani sana angesema hata moja.

Wakapakia upya. Jirani alikuwa ameshawasha pikapu. Binti alikuja akiwa amembeba mtoto, akamkumbatia mama yake ambaye naye alikuwa amekuja ameketi nyuma kwenye pikapu, juu ya shokapu, kisha akasimama mbele ya baba yake. Kila walipoagana ilikuwa desturi ampe mtoto, amrushe kidogo, mtoto acheke. Mtoto mwenyewe alijua. Alishanyoosha mikono kwa babu.

Binti alisita. Si kwa muda mrefu. Mtu mwingine asingeona. Kisha akamweka mtoto mikononi mwa baba yake, na mkono wake yeye ukabaki chini ya mgongo wa mtoto, umefunguka, unangoja. Kiganja aliuona. Hakumrusha mtoto. Alimbusu, akamrudisha kwa mama yake, akapanda pikapu.